Kulibeba Neno na Kulijua Neno

Wasomaji wetu, liko swali ambalo hatukosi kulisikia barazani kila siku za mitihani zinapokaribia. Mtoto hukaa usiku kucha na orodha ya maneno ya Kiingereza, akayakariri yote hata jogoo wawike. Asubuhi akaenda akayaandika mbele ya msimamizi, akapata alama zake. Na baada ya mwezi mmoja hakumbuki hata robo yake. Je, mtoto huyo amejifunza kitu? Na kama hakujifunza, zile alama ni haki yake, au amezipata kwa hila? Wazazi wengine husema, "Mwacheni, amefaulu, mwataka nini tena?" Wengine hutikisa kichwa wasijue la kujibu. Sisi tumeona yafaa jambo hili litazamwe kwa utaratibu, maana halihusu kumbukumbu tu. Lahusu unyofu, tena lahusu haki ya watoto wa maskini.

Na tuanze kwa kuuliza mtihani ni nini. Hapana mtihani duniani uwezao kuuliza maneno yote ya lugha. Mtunga maswali huchagua machache, kama mpishi anavyochota kijiko kimoja apate kujua hali ya chungu kizima. Kijiko si chakula. Hapana aliyepata kushiba kwa kijiko cha kuonjea. Hicho ni shahidi tu wa yale yaliyobaki chunguni. Sasa mtu akijua mpishi atachota upande wa kulia, naye akatia chumvi upande ule tu, mpishi atasema chakula kimekolea, lakini wageni watakapoketi kula watakuta maji matupu. Ndivyo alivyo yule aliyekariri maneno 50 kwa kuwa amenong'onezwa kwamba ndiyo yatakayoulizwa. Hakusema uongo kwa kinywa chake. Amemfanya shahidi aseme uongo kwa niaba yake.

Hiyo ni hukumu kali, nasi hatutaki kuitoa kabla ya kuwasikia wote. Hebu tumsikilize na yule mtoto.

Katika Tanzania shule za msingi za serikali hufundisha masomo kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo moja miongoni mwa mengine. Mtoto aingiapo kidato cha kwanza, siku hiyo mambo hugeuka: kemia ni kwa Kiingereza, hata jiografia ya mito ya kwao ni kwa Kiingereza. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba yenye vitabu na wazazi wenye kuisema lugha hiyo hakukaririshwa neno hata moja. Alinyweshwa pamoja na uji. Huyu wa kijijini hana pa kuyanywa. Ameona kwa macho yake mvua za masika zikichukua udongo wa shamba la baba yake na kuacha mawe. Amesaidia kupanda majani ya kuzuia makorongo. Aweza kukueleza jambo hilo kuanzia juu ya kilima hata mtoni. Lakini akiulizwa kwa Kiingereza habari za "erosion", hunyamaza, na msahihishaji huandika sifuri. Je, msahihishaji amepima nini hapo? Hakupima ujuzi wa udongo. Amepima kama mtoto huyo alipata kukutana na neno moja la kigeni.

Kwa hiyo tukimwambia mtoto huyu kwamba kukariri orodha ni udanganyifu, twamwambia aketi nje ya lango na kuwatazama wenzake wakiingia. Orodha ndiyo ngazi yake, na hapana haki kumnyang'anya mtu ngazi kwa sababu wengine walizaliwa ghorofani.

Jambo hili halikuanza kwetu. Tarehe 23 Juni 1926 huko Marekani vijana wapatao 8,000 walipewa mtihani mpya wa kuingilia vyuo, ule ambao hata leo waitwa SAT. Maswali yalikuwa 315, na muda wake dakika 97 tu. Sehemu kubwa ilikuwa ya maneno: neno hili maana yake nini, kinyume chake ni kipi, neno hili kwa lile ni kama lipi kwa lipi. Waliotunga walidhani wanapima akili ya asili, kama mtu apimavyo urefu wa mti. Mkuu wa watungaji alikuwa Carl Brigham wa chuo cha Princeton. Bwana huyu mwaka 1923 alikuwa ametoa kitabu juu ya mitihani waliyopewa askari wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akadai humo kwamba watu wa Ulaya ya kaskazini wana akili kupita watu wa kusini na mashariki ya Ulaya, na kupita watu weusi. Kitabu hicho kilifanya madhara. Lakini mwaka 1930 Brigham aliandika mwenyewe kwamba ulinganifu wa namna hiyo hauwezi kusimama, hata kazi yake ya kwanza akasema haina msingi. Na sababu moja aliyoitaja ni kwamba watu wengi miongoni mwa wale waliopimwa walikulia katika nyumba ambamo lugha ya mtihani haikusemwa.

Tumelisimulia hili kwa kirefu kwa kuwa twaona wako watu hapa petu, tena waliosoma, ambao bado wamo katika kitabu cha mwaka 1923. Humsikia mtoto akigugumia Kiingereza wakasema, "Huyu kichwa chake kizito." Wamarekani wenyewe wameuparua mtihani wao mara kwa mara: maswali ya kinyume cha neno yaliondolewa mwaka 1994, yale ya "hili kwa lile" mwaka 2005, na tangu mwaka 2016 maneno huulizwa ndani ya habari yake, wala si maneno ya ajabu yasiyosikika popote ila katika vitabu vya kujitayarishia mtihani.

Basi kukariri kwenyewe hakuna hatia. Wazee wetu walikariri nasaba zao vizazi saba, mtoto hukariri hesabu za kuzidisha, hapana anayewalaumu. Kukariri ni kubeba. Mtu abebaye kikapu cha mbegu kwenda shambani, na mtu abebaye kikapu kile kile ili aonekane njiani kuwa ni mkulima, wote wawili wabeba, na aliye kando ya njia hawezi kuwatofautisha. Tofauti yao huonekana baada ya mvua. Neno nalo ndivyo lilivyo: lililobebwa ili lipandwe, na lililobebwa ili litupwe nje ya mlango wa chumba cha mtihani. Tukiisha kukubali hayo, swali lililobaki ni la kazi: neno hupandwaje?

Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu cha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana yo yote, ili asisaidiwe na mambo aliyoyajua zamani, akazikariri mpaka akazisema bila kosa. Kisha alingoja, akazikariri tena, akapima ni kazi kiasi gani iliyopungua kwa sababu ya kujifunza mara ya kwanza. Baada ya saa 1 alikuwa amekwisha kupoteza zaidi ya nusu ya faida yake. Baada ya siku 1, kama theluthi mbili. Lakini baada ya mwezi mzima alikuwa bado anayo kama sehemu moja ya tano. Yaani usahaulifu ni kama mwivi mwenye pupa: huchukua vingi usiku wa kwanza, baadaye hudokoa. Akaona tena ya kwamba kwa fungu la silabi 12, kurudia mara 38 kulikogawanywa katika siku 3 kulimfaa sawa na kurudia mara 68 kwa mkupuo mmoja. Mtoto wetu wa usiku kucha, basi, si mvivu hata kidogo. Afanya kazi nyingi kupita mwenziwe, akavuna kidogo. Tena amejinyima usingizi, ambao wenye elimu ya ubongo wasema husaidia kuyatia nguvu yale tuliyojifunza mchana.

Lakini liko jaribio jingine ambalo sisi tusemao Kiswahili latupendeza zaidi, kwa kuwa lilifanywa kwa maneno yetu. Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walitoa habari za wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani waliopewa maneno 40 ya Kiswahili pamoja na maana yake kwa Kiingereza. Walichagua Kiswahili kwa kuwa wanafunzi wale hawakukijua kabisa. Walionyeshwa maneno, wakaulizwa, wakaonyeshwa tena, wakaulizwa tena. Kila neno lilipokwisha kujibiwa sawasawa mara moja, makundi yaligawanyika. Wengine waliendelea kuulizwa neno lile. Wengine hawakuulizwa tena, ila waliendelea kuonyeshwa tu. Siku ile ya kwanza wote walimaliza wakiyajua maneno yote. Wakaulizwa: mwadhani juma lijalo mtakumbuka mangapi? Makundi yote yalikisia kama nusu. Juma likapita. Walioendelea kuulizwa walikumbuka kama 80 kwa mia. Wasioulizwa, hata wale walioendelea kuonyeshwa maneno mara kwa mara, walikumbuka kama theluthi moja tu, au zaidi kidogo.

Hapo yapo mambo mawili. La kwanza ni la kazi: kulitazama neno mara kumi hakulipandi, hulipanda kulivuta mtu mwenyewe kutoka kichwani, daftari likiwa limefungwa. Anayesoma na kusoma tena ni kama mtu apitaye mlangoni pa jirani kila siku akidhani amemjua kwa kuwa ameizoea sura yake. Siku ya shida ataka kumwita, jina halimjii.

La pili ni kubwa zaidi, maana lahusu nafsi. Wanafunzi wale hawakudanganya mtu. Walijikisia kwa unyofu, nao hawakujua kwamba kundi moja limepanda na lingine limebeba. Kumbe mtu aweza kujidanganya pasipo nia ya udanganyifu, na raha ya kuona neno limezoeleka machoni ndiyo inayomdanganya. Ndiyo sababu twasema kujiuliza mwenyewe ni tendo la unyofu kabla ya kuwa njia ya kufaulu. Mtu afungaye daftari na kujiuliza, akaona kwamba hajui, ameaibika mahali ambapo aibu haimgharimu kitu. Anayekataa aibu hiyo ndogo ya nyumbani huihifadhi aipate mbele ya watu.

Na hapa sisi walimu hatuna budi kusemwa. Yule atoaye maneno 50 siku ya Ijumaa, akayauliza Jumatatu, kisha asiyarudie tena mwaka mzima, anafundisha kutia chumvi upande mmoja wa chungu, hata kama hakukusudia. Maneno ya mwezi wa Februari yaulizwe Machi, yaulizwe Juni, yaulizwe na Septemba.

Turudi kwa Wamarekani na Kiswahili chao, maana hatujamaliza nao. Neno moja katika orodha ile lilikuwa "mashua". Mwanafunzi alijifunza kwamba mashua ni "boat", akaulizwa, akajibu "boat", akapata alama. Je, alilijua neno mashua? Mtu wa Tanga au wa Kilwa atacheka. Atasema: mashua si mtumbwi uliochongwa katika gogo moja, si ngalawa yenye mbao za kuelea kando zote mbili, si jahazi lichukualo mzigo wa kwenda mbali. (Wavuvi watusamehe, maana sisi wa bara twasimulia vyombo tulivyoviona safarini tu.) Mmarekani yule alipewa mlango wa neno, hakupewa nyumba. Hatumlaumu, kwa kuwa hakuwa na nia ya kusafiri. Alikuwa akisaidia jaribio. Lakini je, sisi si tunawafanyia watoto wetu yaleyale kwa maneno ya Kiingereza, nao wanayo nia ya kusafiri?

Chukueni neno letu "piga". Mgeni aliyeandika katika kadi yake kwamba kupiga ni kuchapa, atafanya nini atakaposikia kwamba fulani amepiga pasi, amepiga simu, amepiga magoti, amepiga kura, na mwingine amepiga hatua? Ataona nchi hii yote watu wachapana. Sisi hatusumbuki, kwa kuwa tulilijua neno hilo pamoja na jirani zake. Maneno ya Kiingereza nayo yana jirani. Kwa hiyo kadi yenye neno moja upande huu na neno moja upande wa pili ni mwanzo tu. Katika juma lile lile mtoto aandike sentensi mbili za maisha yake mwenyewe zenye neno hilo. Wala asiandike sentensi ya kitabuni. Yule wa makorongo aandike kwamba "erosion" ilichukua shamba la baba yake, na mwaka gani, na walipanda nini kuizuia. Neno lililofungwa katika shamba la baba halipotei upesi.

Tena maneno yana ukoo. Mtoto wa Kiswahili ajua hilo tangu utotoni, ijapokuwa hakuambiwa: katika soma ajua somo, masomo, msomi, msomaji, usomaji, kisomo, someka, somesha. Hakukariri maneno manane. Alijua shina akayatambua matawi. Kiingereza cha sayansi nacho kina mashina, mengi ya Kigiriki na Kilatini. Aliyeelezwa mara moja kwamba "photo" ni nuru na "synthesis" ni kuunganisha pamoja, amekwisha kuelewa nusu ya kazi ya jani la kijani kabla ya mwalimu kuchora ubaoni, na kesho akikutana na shina lile katika neno lingine atalisalimu. Twashangaa kwamba jambo hili halifundishwi mapema zaidi.

Na maneno yapi kwanza? Hapa watoto wengi hupotea, kwa kuwa hupenda maneno makubwa, kama kijana anunuaye tai kabla ya shati. Mwingereza Michael West mwaka 1953 alitoa orodha ya maneno kama 2,000 yatumikayo zaidi katika Kiingereza, na wataalamu waliomfuata wameonyesha kwamba maneno ya namna hiyo hujaza sehemu kubwa sana ya ukurasa wo wote, kama nne katika tano. Asiyeyajua hayo, neno kubwa halimfai kitu, maana hata swali lenyewe hataelewa. Hesabu si ya kutisha: maneno 10 kwa siku, siku 5 kwa juma, majuma 40, ni maneno 2,000. Mwaka mmoja huo wa shule.

Vifaa navyo havihitaji fedha. Mwaka 1972 mwandishi mmoja wa Kijerumani, Sebastian Leitner, alieleza njia ya sanduku lenye vyumba: kadi iliyojibiwa sawasawa husogea chumba cha mbele, ambacho huulizwa baada ya siku nyingi zaidi, iliyokosewa hurudi chumba cha kwanza, ambacho huulizwa kila siku. Kijijini makopo matatu yatosha, na kadi ni boksi la sabuni lililokatwa kwa mkasi. Kopo la kwanza kila jioni, la pili kila Jumamosi, la tatu mwisho wa mwezi.

Wazazi wengi hutuambia, "Sisi Kiingereza hatukijui, tutamsaidiaje?" Mama ajuaye kusoma Kiswahili aweza kukaa jikoni na kopo la kwanza mapajani. Kila kadi ina Kiswahili upande mmoja, Kiingereza upande wa pili. Asome kwa sauti ule wa Kiswahili. Mtoto ataje neno la Kiingereza, kisha alitaje herufi kwa herufi, naye mama afuate kwa kidole upande wa pili. Herufi ni zile zile azijuazo. Zikipatana, kadi iende kopo la pili. Zisipopatana, irudi, na mtoto asipigwe wala kuchekwa. Kadi 10 mpya kwa jioni zatosha. 20 ni nyingi kwa mtoto ambaye bado ana maji ya kuchota na mbuzi wa kufungia.